Ubainishaji Rasmi Kabla ya Kompyuta: Mkunjo wa Makubaliano wa Bwawa la Owen Falls, Jinja

Katika uhandisi wa mifumo, ubainishaji rasmi ni kueleza tabia ya mfumo kwa lugha ya hisabati, ili maana yake isitegemee tafsiri ya msomaji. Lugha za kazi hiyo, kama vile Z na TLA+, ni zao la mwishoni mwa karne ya 20. Hata hivyo, Jinja ilikuwa na mfano wa fikra hiyo tangu Bwawa la Owen Falls lilipofunguliwa mwaka 1954.

Bwawa hilo lilizamisha Maporomoko ya Ripon, yaliyokuwa yakitawala utokaji wa maji ya Ziwa Viktoria. Chini ya maafikiano ya Misri na Uingereza ya miaka ya 1949 hadi 1953, maji yalipaswa kutoka kana kwamba maporomoko yangalipo. Sharti hilo liliwekwa katika grafu, yaani Mkunjo wa Makubaliano: kwa kila kina cha ziwa kilichosomwa Jinja, mtiririko ulioruhusiwa ulikuwa mmoja tu. Mhandisi wa Misri aliyewekwa Jinja aliweza kukagua utekelezaji bila kubishania maneno.

Ubayana huo haukutosha. Mvua za miaka ya 1961 hadi 1964 zilipandisha ziwa kwa takriban mita 2.5, likapita viwango vilivyohusishwa na mkunjo, ikabidi urefushwe. Kasoro hapo ilikuwa ya mipaka ya kanuni. Ile iliyofuata ilikuwa ya utii. Kituo cha pili, Kiira, kilianza kuzalisha umeme mwaka 2000. Ukame ukaja, mahitaji yakaongezeka, na maji yakatolewa kupita kiasi kilichoruhusiwa. Kufikia 2006 ziwa lilikuwa limeshuka kuliko wakati wowote katika takriban miaka 80, na mgao wa umeme ukawa mkali. Kwa mtumiaji wa umeme wa Buwenge, kaskazini mwa Jinja, kuuheshimu mkunjo kulimaanisha umeme pungufu leo. Kuukiuka kulimaanisha maji pungufu kesho.

Grafu ilionyesha ukiukaji ulikuwa wa kiasi gani, lakini haikuweza kuuzuia. Kwa hiyo, ubainishaji wa mfumo wa umma wahitaji mambo matatu kando ya hisabati yake: mipaka ya matumizi, mamlaka ya kuibadili kanuni, na wajibu wa kutangaza inapovunjwa. Hayo huandikwa kwa maneno, nayo yastahili kuandikwa pia kwa Kiswahili, lugha inayoziunganisha Uganda, Kenya na Tanzania, nchi tatu zinazolizunguka ziwa hilo.