Uta, Msunguti na Shabaha ya Wachungaji

Mpenzi wa shabaha aliye mjini hujiwekea siku yake, akaenda kiwanjani na bunduki yenye leseni, akapiga risasi zake kwa hesabu, kisha akarejea nyumbani akitafakari alipopata na alipokosa. Lakini katika nchi inayokatwa na mto Mara, yaani Tarime kwa Wakurya, na Serengeti kwa Waikoma, Wanata, Waisenye na Wangoreme, zoezi hilo halikuwa na siku yake makhsusi, kwani lilifumwa ndani ya kazi tangu mtoto alipokabidhiwa mbuzi wa kuchunga. Adhuhuri, mifugo ikipumzika kivulini, vijana walishindana kupiga kisiki kwa mishale ya mti mtupu isiyo na chembe, na aliyekosa aliifuata mwenyewe vichakani, adhabu iliyomfunza kuliko maneno ya mzee.

Mgeni hudhani kuwa ustadi wa wachungaji hawa walipowinda ulikuwa katika kupiga mbali. La hasha. Siri ilikuwa ni sumu ya mti uitwao msunguti, ambao vipande vyake vilichemshwa muda mrefu hata maji yakawa mazito, meusi kama lami, yakapakwa nyuma ya chembe na kuzungushiwa ukanda wa ngozi, ili jua lisiikaushe dawa wala mwenye podo asijichome. Mwaka 1888 mkemia wa Kifaransa, Arnaud, aliichuja asili ya sumu hiyo, nayo ikaja kutumiwa Ulaya kutibu moyo, moyo ule ule ambao mwindaji alitaka kuusimamisha! Kwa kuwa mshale ulihitaji kuzama nyamani tu, mazoezi hasa yalikuwa katika kukaribia: kujua upepo watoka wapi, kuinama saa nzima bila kukanyaga kijiti kikavu, na kuuvuta upote pasipo mkono kutetemeka. Naona huo ni ustadi mgumu kuliko wa kiwanjani, maana kibao hakina masikio.

Nyumbu walipofika upande wa Ikoma, yapata Juni, ndipo mtu alipopimwa. Na baada ya sotoka kufyeka ng'ombe katika miaka ya 1890, shabaha ikawa mali, kwa maana mikia ya nyumbu ilipelekwa kwa Wasukuma, walioitumia kufanyia mapambo ya mikono na miguu, na Waikoma wakarudi na mifugo. Sitaficha kwamba katika Tarime mishale hiyo hiyo imemwaga damu baina ya koo na koo kwa sababu ya ng'ombe na mipaka ya ardhi, hata miaka ya karibuni.

Wadachi walijenga boma lao Ikoma mwanzoni mwa karne ya ishirini. Baadaye Waingereza wakawaandika vijana wengi wa Kikurya katika jeshi la kikoloni la King's African Rifles, ambamo jicho lililozoea kisiki lilikabidhiwa bunduki. Kisha, mwaka 1951, Serengeti ikawa Hifadhi ya Taifa, na malisho ya nyumbu yakawekewa mpaka wa kisheria. Siku hizi mtu akikamatwa humo na uta wake bila kibali, hushitakiwa kwa kumiliki silaha ndani ya hifadhi, na kesi za namna hiyo ni miongoni mwa zinazosikilizwa sana katika mahakama ya Mugumu, wilayani Serengeti.