Kosa la Biti Moja Lisiangushe Seva Nzima

Mei 18, 2003, Wabelgiji walipiga kura. Huko Schaerbeek, Brussels, kompyuta ikampa mgombea mmoja kura nyingi kuliko ilivyowezekana kihesabu. Zilipohesabiwa upya, zilizozidi zikawa 4,096 kamili, yaani 2 kwa kipeo cha 12. Programu ilikaguliwa, haikuonekana kasoro. Maelezo yaliyobaki ni kwamba biti moja ya kumbukumbu iligeuka yenyewe, sifuri ikawa moja.

Tatizo hilo lina umri mrefu. Mwishoni mwa miaka ya 1940, Richard Hamming wa Bell Labs, Marekani, aliiachia kompyuta kazi zake mwishoni mwa juma. Mashine ikigundua kosa, iliitupa kazi hiyo na kushika nyingine, naye Jumatatu akakuta hakuna jibu. Akajiuliza: ikiwa inaweza kugundua kosa, inashindwaje kulisahihisha? Mwaka 1950 alichapisha jibu lake, msimbo unaoongeza biti za ukaguzi ili iliyoharibika ijulikane na kurekebishwa.

Chanzo cha makosa mengi kilifahamika baadaye. Mwaka 1978, May na Woods wa Intel walionyesha kuwa chembe za alfa zinazotoka kwenye vifungashio vya chipu huweza kugeuza biti. Mwaka uliofuata, Ziegler na Lanford wakaeleza jinsi miale ya anga za juu inavyoweza kufanya vivyo hivyo.

Mpango uliozoeleka kwenye seva ni biti 8 za ukaguzi kwa kila biti 64 za data. Biti moja ikikosewa, husahihishwa papo hapo. Zikikosewa mbili, seva hujua kuna kosa lakini haiwezi kulirekebisha. Kwa miaka mingi dawa ilikuwa moja tu: kuzima kila kitu, maana afadhali kusimama kuliko kutoa jibu la uongo.

Dawa hiyo ikawa ghali zilipoenea mashine pepe, yaani kompyuta za kiprogramu zinazoendeshwa ndani ya kompyuta halisi. IBM ilitangaza VM/370, mfumo wa kuendesha mashine za aina hiyo, mwaka 1972, na mwaka 2007 mfumo endeshi wa Linux ukapata uwezo huo kupitia KVM. Seva moja ikaanza kubeba makumi ya mashine za wateja mbalimbali. Kuizima kwa kosa moja ni sawa na mwenye nyumba kuwafukuza wapangaji wote kwa sababu dari la chumba kimoja linavuja.

Mabadiliko yalikuja na toleo la Linux 2.6.32, Desemba 2009, likiwa na kazi ya Andi Kleen na wenzake wa Intel ya kutenga kumbukumbu iliyoharibika bila kuzima seva. Mwaka 2010 prosesa za Xeon 7500 zikaleta uwezo wa kujinusuru na makosa hayo ambao kabla yake ulijulikana zaidi kwenye kompyuta kubwa za mabenki.

Utaratibu wenyewe ni huu. Prosesa ikikuta data iliyoharibika, huijulisha kerneli, yaani kiini cha mfumo endeshi, ya mashine mwenyeji ambayo ndiyo seva halisi. Kerneli huutenga ukurasa wa kumbukumbu wenye data hiyo, kwa kawaida baiti 4,096, usitumike tena. Kisha huipelekea ishara programu inayoendesha mashine pepe, nayo hutafuta anwani ya ukurasa huo ni ipi kwa hesabu ya mgeni, yaani mfumo endeshi ulio ndani ya mashine pepe, na kumpa taarifa ya hitilafu kana kwamba imetoka kwenye prosesa yake mwenyewe. Mgeni ndiye anayejua ukurasa ulikuwa wa nani. Kama ni nakala ya faili iliyopo salama kwenye diski, huisoma upya. Kama ulikuwa wa programu moja, huisimamisha hiyo tu, na nyingine zikaendelea.

Kazi haijaisha. Wengi hutumia kurasa kubwa za megabaiti 2 au hata gigabaiti 1 ili kuongeza kasi, na hapo doa dogo laweza kupoteza ukurasa mzima. Anayekodisha seva zinazobeba hospitali, benki na ofisi za umma ana wajibu wa kuyapima haya kabla hayajatokea: kosa linapoingia, ni nani ataambiwa, na ni kiasi gani kitapotea? Hamming alitufundisha kwamba kugundua kosa ni nusu ya kazi. Nusu ya pili ni kumfikishia habari yule anayeweza kuchukua hatua.