Mofini na Kalamu ya Muuguzi

Hospisi ya kwanza ya Uganda ilianza mwaka 1993 katika nyumba ya kuazima, kwenye eneo la Hospitali ya Nsambya, Kampala. Mtaji wake ulikuwa Land Rover iliyokwisha kutumika, wauguzi wachache na fedha za kuiendesha kwa miezi mitatu. Vitanda vya kulaza wagonjwa havikuwamo katika hesabu, na havikuwamo kwa makusudi. Mwanzilishi wake, Dkt. Anne Merriman, alijua kwamba mgonjwa wa saratani akishaambiwa hospitalini kuwa hakuna la kufanya, hurudi kwao. Ndugu nao hupenda arudi angali hai, maana kusafirisha maiti hadi kijijini ni gharama nzito kuliko nauli ya mgonjwa. Basi huduma ingemfuata hukohuko nyumbani.

Merriman alizaliwa Liverpool mwaka 1935, akaja Afrika mara ya kwanza mwaka 1964, daktari mtawa katika hospitali za misheni nchini Nigeria. Miaka ishirini baadaye alikuwa Singapore. Huko, kwa kushirikiana na wafamasia, alipata alichokuwa akikitafuta kwa ajili ya maumivu makali: mofini ya kunywa inayotengenezwa kwa poda, maji, kihifadhi na rangi kidogo. Haihitaji kiwanda wala sindano. Mgonjwa hupimiwa chupa yake, akaenda nayo nyumbani, akanywa kila baada ya saa nne, na dozi ya usiku huongezwa ili alale hadi asubuhi.

Kanuni hiyo alikuja nayo Nairobi mwaka 1990, alipokuwa daktari wa Nairobi Hospice iliyokuwa inaanza. Barua za watu wa nchi nyingine waliotaka huduma kama ile zilimfanya awaze taasisi ya kuwa mfano kwa bara zima. Alizuru nchi kadhaa kabla ya kuchagua. Uganda ilikuwa imetoka vitani si zamani, UKIMWI ulikuwa unaimaliza, na kwa hesabu za kawaida lilikuwa chaguo la ajabu. Lakini Waziri wa Afya wa wakati huo, Dkt. James Makumbi, alikubali poda ya mofini iingizwe nchini. Bila ruhusa hiyo, Merriman hakuona sababu ya kufungua mlango.

Mofini ya kwanza ilichanganywa jikoni, kwenye sinki, na kutiwa katika chupa za plastiki za maji ya kunywa zilizokusanywa na kuoshwa. Rangi ilikuwa na kazi yake: kijani kwa dozi hafifu, nyingine kwa zile kali, ili hata mtu asiyejua kusoma asikosee chupa na asidhani ni maji. Ubunifu wa aina hiyo ulienea katika kazi yote. Mofini hufunga choo, kwa hiyo mbegu za papai zilizokaushwa na kusagwa zikatumika kukilainisha. Vidonda vya saratani vinavyonuka, ambavyo huwafukuza majirani na wakati mwingine hata watoto wa mgonjwa, vilinyunyiziwa vidonge vya metronidazole vilivyopondwa. Harufu ikiisha, wageni hurudi. Ni tiba ya bei ya chini sana, na ni vigumu kuona nyingine inayomrudishia mtu heshima yake upesi namna hiyo.

Taasisi ilihamia Makindye, bado hapohapo Kampala, na mwaka 1998 ikafungua matawi mawili: hospisi tembezi ya Mbarara upande wa magharibi, na Little Hospice ya Hoima. Gari lilitoka asubuhi na dawa, wagonjwa wa vijijini wakalisubiri kando ya barabara katika vituo vilivyokubaliwa. Kufikia hapo hofu kwamba mofini ingemwagika mitaani ilikuwa imeanza kupungua. Wagonjwa wenyewe walikuwa ushahidi.

Kikwazo kilichobaki kilikuwa kalamu. Sheria ilimtaka daktari aandike cheti cha mofini, na madaktari wa Uganda walikuwa wachache, wengi wao mijini. Muuguzi aliyefika kitandani kwa mgonjwa, akapima maumivu na kuijua dozi, alilazimika kurudi kumtafuta mtu wa kutia sahihi. Hospisi ilifanya mambo mawili kwa wakati mmoja. Iliibembeleza serikali, kazi ambayo daktari mkongwe Jack Jagwe, mshauri wake wa sera, aliifanya kwa uvumilivu mkubwa. Na ilianza kufundisha kabla sheria haijabadilika. Mwaka 2002 ilifungua kozi ya miezi tisa ya huduma shufaa, yaani ya kuwatuliza wagonjwa wasio na tumaini la kupona, kwa wauguzi na matabibu. Huduma shufaa ilikuwa tayari imetajwa miongoni mwa huduma za msingi katika mpango wa afya wa taifa wa 2000 hadi 2005, na mwaka 2004 sheria ikarekebishwa: muuguzi au tabibu aliyehitimu mafunzo hayo aliruhusiwa kuandika mofini. Uganda ikawa nchi ya kwanza Afrika kufanya hivyo.

Hilo, zaidi ya majengo ya Makindye, ndilo jambo kubwa lililofanywa na taasisi hii. Ujuzi ulihama kutoka kwa daktari bingwa mmoja ukawekwa katika cheo ambacho serikali inaweza kukiajiri wilayani. Shahada ilifuata kwa ushirikiano na Chuo Kikuu cha Makerere, na wanafunzi wakaja kutoka nchi nyingi za Afrika, baadhi wakisoma kwa Kifaransa. Mwaka huohuo wa 2004, watetezi wa huduma hii walikutana Arusha na kuunda rasmi Chama cha Huduma Shufaa cha Afrika, ambacho makao yake yako Kampala.

Tangu takriban mwaka 2011, mofini ya kunywa ya nchi nzima inatengenezwa Makindye kwa makubaliano na serikali, na mgonjwa haitozwi. Umuhimu wake ulionekana mwaka 2016, mashine pekee ya taifa ya kutibu saratani kwa mionzi ilipoharibika katika Hospitali ya Mulago na kukaa zaidi ya mwaka bila mbadala. Ripoti iliyotolewa na jarida la Lancet mwaka 2017 ilionyesha kwamba kati ya tani 298.5 za dawa za jamii ya afyuni zilizosambazwa duniani kwa mwaka, nchi maskini kabisa zilipata tani 0.1 tu. Katika kundi hilo Uganda hutajwa kama kielelezo, japo dawa huisha mara kwa mara katika baadhi ya wilaya.

Dkt. Merriman alifariki Kampala Mei 2025, siku chache baada ya kutimiza miaka 90. Uongozi ulikuwa umekwisha kuwa mikononi mwa Waganda miaka mingi kabla. Linalowaumiza kichwa sasa ni la kiofisi zaidi: muuguzi anasoma miezi tisa, anarudi wilayani na cheti cha kuandika mofini, kisha anahamishiwa wodi ya wazazi kwa sababu huko ndiko kuna upungufu, na chupa za kijani zinabaki stoo zikimngoja mtu mwenye idhini ya kuzitoa.