Kwa nini bastola hupendwa Migori na Homa Bay, na sheria yasemaje

MPELELEZI anayemfuata mshukiwa katika kituo cha magari cha Migori, au afisa anayemlinda mwanasiasa sokoni Oyugis, hawezi kuifanya kazi yake barabara huku amening'iniza begani bunduki yenye uzito wa zaidi ya kilo nne. Bastola hukaa kiunoni, hufichika chini ya koti na huiacha mikono yote miwili huru. Hiyo ndiyo sababu ya kwanza ya kupendwa kwake katika kaunti hizi mbili za kusini mwa Nyanza, na ndiyo hiyo hiyo inayoifanya iogopewe.

Kwa miaka mingi, sura ya polisi wa Kenya machoni pa raia imekuwa ile ya askari mwenye bunduki ndefu. Enzi ya ukoloni ilikuwa Lee-Enfield. Baadaye zikaja G3, iliyobuniwa Ujerumani, na AK-47, iliyobuniwa Urusi. Bunduki hizo ziliundwa kwa ajili ya vita. Risasi yake husafiri mamia ya mita na inaweza kupenya ukuta wa udongo au wa mabati, kisha ikamfikia mtu asiyehusika.

Madhara ya risasi katikati ya makazi yanajulikana. Tume iliyoongozwa na Jaji Philip Waki, iliyochunguza ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007, iliandika kwamba kati ya watu 1,133 waliofariki nchini kote, 405 walikufa kutokana na majeraha ya risasi. Mkoa wa Nyanza, ambao Migori na Homa Bay zilikuwa sehemu yake, ulikuwa miongoni mwa maeneo yaliyoathirika.

Kutoka Ceska hadi Glock

Msomaji wa taarifa za polisi amekwisha kulizoea jina Ceska. Limetokana na kiwanda cha Česká zbrojovka katika mji wa Uherský Brod, Jamhuri ya Czech. Bastola yake mashuhuri, CZ 75, ilianza kujulikana mwaka 1975. Ni ya chuma na uzito wake ni takriban kilo moja. Jericho ya Israeli, ambayo pia hutumiwa na polisi wa Kenya, ilibuniwa kwa kufuata mfano huo.

Glock ni ya Austria. Jeshi la nchi hiyo liliichagua mwaka 1982, na tangu hapo imeenea ulimwenguni. Fremu yake ni ya plastiki ngumu, hivyo ni nyepesi kuliko Ceska. Haina kitufe cha usalama ubavuni kama zilivyo bastola nyingi. Kinga yake mojawapo imo katika kifyatulio chenyewe. Kwa aliyefunzwa, hilo huokoa muda. Kwa asiyefunzwa, ni hatari.

Aina zote tatu kwa kawaida hutumia risasi ya milimita 9, iliyobuniwa Ujerumani mwanzoni mwa karne ya 20. Bastola ya zamani yenye silinda inayozunguka kwa kawaida ilibeba risasi sita. Glock 17 hubeba 17, na mwenye kasha la akiba huibadilisha kwa sekunde chache. Hata hivyo, kulenga shabaha kwa bastola ni kugumu kuliko kwa bunduki ndefu. Kupita mita 50, wapigaji wengi hukosa. Mazoezi ya mara kwa mara, basi, ni sehemu ya silaha yenyewe.

Raia na leseni

Wanaotafuta bastola si polisi pekee. Katika eneo lenye migodi ya dhahabu kama Macalder, na mpaka wenye biashara nyingi kama Isebania, mfanyabiashara anayesafiri na fedha taslimu huona bastola kuwa kinga. Mwanasiasa naye huiona kuwa kinga, na wakati mwingine kuwa ishara ya hadhi.

Lakini Sheria ya Silaha, Sura ya 114, haiichukulii bastola kuwa haki ya mwenye fedha. Mwombaji hana budi kuonyesha sababu ya kutosha, na ofisa husika aridhike kwamba usalama wa umma hautahatarishwa. Mlevi na mwenye akili isiyo timamu hawafai kupewa. Cheti hutaja aina ya silaha na idadi ya risasi, na hufanywa upya. Mwishoni mwa 2018 serikali iliagiza raia wote wenye silaha wakaguliwe upya na Bodi ya Leseni za Silaha.

Agizo hilo lilikuwa na msingi. Shirika la utafiti la Small Arms Survey lilikadiria mwaka 2018 kwamba raia nchini Kenya walikuwa na silaha zipatazo 750,000, huku zilizosajiliwa zikiwa chini ya 10,000.

Mkazi wa Isebania akumbuke pia kwamba cheti cha Kenya hakimruhusu kuvuka na bastola hadi Sirari. Tanzania ina sheria yake ya kudhibiti silaha na risasi, ya mwaka 2015.

Kinga isiyo kamili

Jioni ya Aprili 30, 2025, Mbunge wa Kasipul, Charles Ong'ondo Were, aliuawa kwa risasi akiwa ndani ya gari katika barabara ya Ngong, Nairobi. Mshambuliaji alishuka kwenye pikipiki, akalisogelea gari, akafyatua. Shambulizi la namna hiyo huhitaji silaha inayofichika hadi dakika ya mwisho, na humnyima mlengwa muda wa kuitoa yake, hata angekuwa nayo.

Kwa afisa wa polisi, Sheria ya Huduma ya Taifa ya Polisi ya 2011 inaruhusu risasi pale tu njia nyingine zinaposhindwa, mathalani kuokoa maisha au kujikinga, na kila tukio sharti liripotiwe. Kwa raia, wajibu ni kuifungia silaha mahali salama, kutoiazima mtu na kuripoti mara moja ikipotea. Bastola iliyoibwa chini ya mto usiku mmoja haina tena leseni wala mwenyewe, na wa kwanza kukutana nayo huenda akawa jirani.