Ba na Madaftari ya Duka la Ngamiani

Kamati ya maadhimisho imetuomba tueleze habari za wazee waliotutangulia hapa Tanga. Wengine wataandika juu ya waliotoa ardhi na saruji ya hekalu letu. Sisi twaandika juu ya bibi yetu, ambaye mtaa mzima ulimwita Ba, yaani mama kwa Kigujarati.

Ba alizaliwa Kathiawar, akavuka bahari kutoka Bombay katika miaka ya 1930, bi harusi wa miaka 17. Babu alikuwa na duka la chumba kimoja Ngamiani, akiwauzia manamba wa mkonge unga, khanga na mafuta ya taa. Dagaa hakuuza, kwa kuwa nyumba yetu haili nyama wala samaki. Jirani aliyewauza alitajirika upesi zaidi.

Babu alifariki mapema, akaacha watoto watano, mkubwa wao wa miaka minane. Desturi ya siku zile ilikuwa nzito: mjane alivaa sari nyeupe na kukaa kando ya shughuli za baraka. Wakati wa Diwali wafanyabiashara wa Kigujarati hufungua madaftari mapya ya hesabu mbele ya Lakshmi. Ba ndiye aliyeyaandika mwaka mzima, lakini siku ya kuyabariki alisimama mlangoni, na mwanawe mdogo ndiye aliyetia alama nyekundu ya kwanza. Kwa maoni yetu hiyo haikuwa haki. Ba hakulalamika, alingoja wageni watawanyike, kisha akaketi kuandika.

Mwanzoni mwa miaka ya 1960 Tanganyika iliongoza ulimwengu kwa mkonge. Kisha kamba za viwandani zikaingia sokoni, bei ikaanguka, mashamba mengi yakataifishwa mwaka 1967, na vibarua wengi wakakosa kazi. Majina yao yalijaa katika daftari la Ba. Diwali moja ya miaka hiyo hakuyahamisha madeni yao katika daftari jipya. Baba zetu walipomhoji, alijibu kwamba asiye na kazi ukimdai unamfukuza, naye hatarudi hata kununua kibiriti. Ilikuwa huruma, na ilikuwa biashara vilevile. Kwa Ba havikutengana.

Mwaka 1971 majengo ya kupangisha yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000 yalitaifishwa, na jamaa wengi wakahamia Uingereza na Kanada. Baba zetu wawili walikata tiketi, ya Ba ikiwemo. Hakuitumia. Alisema jikoni mwa hekalu pangebaki nani? Kwa ajili yake baba yetu naye akabaki, na ndiyo sababu sisi tu watu wa Tanga.

Sukari ilipoadimika mwanzoni mwa miaka ya 1980, prasadi ya Diwali ilikuwa kashata za karanga, alizozipika Ba kwa sukari guru. Sahani ya kwanza ilikwenda hekaluni, nyingine kwa majirani, Waislamu na Wakristo, waliokuwa wamempigia foleni ya mafuta na sabuni.

Ba aliaga dunia akiwa na miaka 94. Madaftari yake yamo kabatini dukani. Ndani yake mna majina ya Kiha, Kinyamwezi na Kimakonde, yote kwa hati ya Kigujarati, na katika ukoo wetu tumebaki watatu tuwezao kuyasoma.