Kima wa Boabeng na Fiema

Katika nchi ya Ghana viko vijiji viwili jirani, Boabeng na Fiema. Tangu zamani wenyeji wake hawakuua mbega wala kima wa msitu wao, wakisema ndio watoto wa miungu. Katika miaka ya 1970 baadhi ya Wakristo wa huko walianza kuwaua, ili ionekane wameiacha miiko ile. Twayaandika haya kwa kusikitika, maana aliyewaumba kima ni Mungu yule yule tumwabuduye. Wazee hawakunyamaza, walilipeleka shauri mbele, na mwaka 1975 ikawekwa sheria ya kukataza kuwadhuru. Wanyama wakaongezeka tena. Nao kima akikutwa amekufa, huvikwa sanda nyeupe akazikwa kama mtu.