Barua Iliyompeleka Mhariri Luzira: Miaka ya Transition mjini Kampala

Ukibahatika kupata matoleo ya jarida la Transition yaliyochapishwa Kampala miaka ya 1960, usianze na mashairi wala hadithi. Anza na barua. Humo wahadhiri, wanasiasa, washairi, wanafunzi na Wazungu waliohamaki wanakutana ukurasa mmoja, na hakuna anayepewa kiti cha mbele kwa sababu ya cheo chake. Majina makubwa ya jarida hilo yanatajwa kila mara linapokumbukwa: Chinua Achebe, Wole Soyinka, Christopher Okigbo, Nadine Gordimer, Okot p'Bitek. Kwangu mimi, hao wangeweza kuchapishwa kwingine, na wengi wao walichapishwa. Kile ambacho Kampala ilikipata, na ambacho miji michache ya Afrika imewahi kukipata, ni mahali ambapo mtu akisema neno hadharani anajua atajibiwa, na atajibiwa kwa ukali.

Mwanzilishi wake, Rajat Neogi, alizaliwa Kampala mwaka 1938 katika familia ya Kibengali, akaenda kusoma London, akarudi. Toleo la kwanza lilitoka Novemba 1961. Tanganyika ilikuwa imebakiza wiki chache kupata uhuru, na Uganda ilikuwa imebakiza karibu mwaka mzima. Neogi alikuwa kijana wa miaka 23 hivi, hana cheo chuoni, hana chama, tena ni Mhindi katika mji ambao Mhindi alizoeleka kuwa nyuma ya kaunta ya duka. Kutokuwa na kambi kulimsaidia. Makerere tayari kulikuwa na Penpoint, jarida la wanafunzi wa Idara ya Kiingereza lililoanza mwaka 1958, lakini lile lilikuwa uwanja wa mazoezi. Neogi alitaka jarida ambamo hadithi fupi inapakana na makala ya katiba, na shairi linapakana na ugomvi kuhusu ujamaa.

Bahati ilimjia mapema. Juni 1962 waandishi Waafrika wanaoandika kwa Kiingereza walikusanyika Makerere. Achebe alikuwepo, Soyinka alikuwepo, Ezekiel Mphahlele kutoka Afrika Kusini, Langston Hughes kutoka Marekani, na mwanafunzi mmoja wa hapohapo aliyeitwa wakati huo James Ngugi, ambaye hadithi yake fupi ilikuwa imekwisha kutoka ndani ya Transition. Aliyekosekana ni Shaaban Robert. Kwa masharti ya mkutano asingeweza kualikwa, kwa kuwa aliandika Kiswahili. Mwezi huohuo wa Juni alifariki dunia.

Mwaka uliofuata, Septemba 1963, toleo la 10 lilichapisha makala ya Mnigeria Obi Wali iliyoufanya mkutano ule uonekane kama karamu iliyoandaliwa bila mwenye nyumba. Hoja yake ilikuwa kavu: fasihi ya Afrika inayoandikwa kwa lugha za Ulaya inaelekea kwenye ukuta, na wanaoishangilia hawataki kuuona. Majibu yakamiminika katika matoleo yaliyofuata. Mphahlele alijibu, Soyinka alijibu kwa kejeli zake, Gerald Moore alijibu, na hata Jan Knappert, mtafiti wa tenzi za Kiswahili, alitia neno. Achebe alikuja na makala yake mwaka 1965 kutetea Kiingereza kinachopindwa hadi kibebe mzigo wa Mwafrika. Mjadala ule haujafungwa mpaka leo. Ngugi mwenyewe aliurudia katika kitabu chake cha 1986 juu ya kuikomboa akili, na mwaka 1994, akiwa New York, akaanzisha Mũtĩiri, jarida linaloandikwa kwa Kikuyu.

Msomaji wa Kiswahili ana haki ya kutabasamu hapa. Wakati Transition inauliza kama lugha za Kiafrika zinaweza kubeba fasihi, Mambo Leo la Dar es Salaam lilikuwa limekwisha kuchapisha mashairi tangu miaka ya 1920, na malenga walikuwa wakitupiana mafumbo na kufumbuana kutoka Tanga hadi Ujiji. Majibizano yale yalikuwa na adabu zake: unajibu kwa vina vilevile, unamtaja mwenzako kwa heshima, kisha unamchoma. Sijaona dalili kwamba Neogi alilifuatilia jambo hilo kwa karibu. Jarida lake lilisomeka Lagos, London na New York kuliko lilivyosomeka Mwembe Tayari kule Mombasa. Nadhani hilo ndilo pengo lake kubwa zaidi, kubwa kuliko hata lile la pesa nitakalolieleza punde.

Hata hivyo Mswahili mmoja alilitikisa jarida hilo kuliko mtu yeyote, naye aliandika Kiingereza. Ali Mazrui wa Mombasa alifika Makerere kufundisha mwaka 1963. Rais Kwame Nkrumah wa Ghana alipopinduliwa Februari 1966, Afrika nzima iligawanyika kati ya waliolia na waliocheza ngoma. Mazrui aliandika makala akimfananisha Nkrumah na Lenin aliyetamani pia ufalme wa matsari, na akahitimisha kwamba alikuwa Mwafrika mkubwa ambaye hakufikia kuwa Mghana mkubwa. Barua za hasira zikaja mfululizo, zikaendelea kuja. Mwaka uliofuata, wino wa Azimio la Arusha ukiwa haujakauka, akawageukia wasomi waliokuwa wakiihusudu Tanzania ya Nyerere, akaupa uhusudu wao jina kana kwamba ni maradhi. Mwaka huohuo wa 1967 Paul Theroux, Mmarekani kijana aliyekuwa akifundisha Makerere, alimlinganisha Mzungu aliyekuja kufanya kazi Afrika na Tarzan. Wazungu wa Kampala hawakulipenda hilo hata kidogo, na barua zao zikachapishwa. Neogi hakuwa mtu wa kumficha msomaji aliyekasirika. Kufikia miaka hiyo nakala zilikaribia 12,000, idadi ambayo jarida la fasihi lolote duniani lingeionea fahari.

Sasa pesa. Jarida la namna hii halijiendeshi kwa matangazo ya sabuni. Tangu mwaka 1962 Transition lilipata ruzuku kutoka Paris, kwa taasisi iliyojiita Kongamano la Uhuru wa Utamaduni, iliyoundwa Berlin mwaka 1950. Taasisi hiyohiyo ililipia mkutano wa Makerere, ikasaidia klabu ya Mbari kule Ibadan na jarida la Encounter kule London. Mwaka 1966 na 1967 magazeti ya Marekani yalifichua kwamba nyuma yake kulikuwa na fedha za CIA. Kwa mhariri aliyejivunia kutokuwa na bwana, hakuna habari mbaya kuliko hiyo. Neogi alisema hakujua, akachapisha ndani ya jarida lake mahojiano aliyohojiwa kuhusu kashfa hiyo, na wenye mashaka wakabaki na mashaka yao.

Nimesoma watu wanaolifuta jarida zima kwa sababu ya ruzuku hiyo, na wengine wanaoipita kama jambo dogo. Siko upande wa yeyote. Aliyetoa pesa alikuwa na shabaha yake: kuwapa wasomi wa Afrika uwanja wa kuzungumza ili wasivutwe na Moscow. Lakini ukirudi kwenye kurasa zenyewe unakuta Marekani ikitukanwa vizuri tu, na wajamaa wakipewa nafasi tele. Kilichochafuka ni imani. Kuanzia siku ile, serikali yoyote iliyotaka kulinyamazisha Transition ilikuwa na neno la kuanzia.

Serikali ya Milton Obote ilikuwa na sababu za karibu zaidi. Mwaka 1966 Obote aliisimamisha katiba, majeshi yakavamia kasri la Kabaka, mfalme wa Buganda, Kabaka akakimbilia Uingereza. Katiba mpya ya jamhuri ikaja 1967. Abu Mayanja, mbunge na mwanasheria mwenye kalamu kali, aliichambua rasimu yake ndani ya Transition, na hakuna aliyemgusa. Mwaka 1968 Picho Ali, mtu wa ofisi ya Rais, aliandika katika toleo la 36 kwamba mahakama nazo zinapaswa kushika itikadi ya chama kinachotawala. Mayanja akajibu kwa barua katika toleo la 37. Aliuliza kwa nini, miaka sita baada ya uhuru, Mahakama Kuu bado imejaa majaji wa kigeni, akataja uvumi kwamba mawakili Waganda wenye sifa wanaachwa kwa sababu za kikabila.

Oktoba 1968 polisi walimkamata Mayanja, wakamkamata na Neogi, wakawapeleka gereza la Luzira. Shtaka lilikuwa uchochezi. Kesi ilisikilizwa, na Februari 1969 hakimu akawaachia huru. Hawakufika mbali: walikamatwa tena papo hapo kwa sheria ya hali ya hatari, ambayo haihitaji hakimu. Neogi aliachiwa Machi 1969. Mayanja alikaa ndani hadi 1970. Neogi alinyang'anywa uraia wa nchi aliyozaliwa, na marafiki zake wanasema gereza lilimvunja.

Yaliyofuata ni safari ndefu ninayoifupisha. Jarida lilifufuka Accra mwaka 1971. Baadaye Neogi alimwachia Soyinka, ambaye mwaka 1975 aliutumia ukurasa wake kumshambulia Idi Amin, aliyekuwa amempindua Obote, bila kumung'unya maneno, kisha akalibadili jina kuwa Ch'Indaba. Likafa mwaka 1976. Mwaka 1991 Henry Louis Gates na Kwame Anthony Appiah walilianzisha upya Marekani, na sasa makao yake ni Harvard, likiandika kuhusu watu weusi wa dunia nzima. Neogi alifariki San Francisco Desemba 1995.

Lile swali la barua ya Mayanja nalo lilipata jibu. Juni 1971 Amin alimteua Benedicto Kiwanuka kuwa Jaji Mkuu, Mwafrika wa kwanza wa Uganda kushika nafasi hiyo. Septemba 1972, baada ya kutoa hukumu iliyomkera Rais, Kiwanuka alichukuliwa na askari katika jengo la Mahakama Kuu mchana, akauawa. Mwezi huohuo Wahindi wa Kampala, jamaa na majirani wa Neogi, walikuwa wakipanga foleni za kuondoka, wakiwa wamepewa siku 90. Mjini hapakuwa tena na jarida la kuandikia barua.